Hewa, naitroksi au heliamu: ipi inasaidia kichwa kinachouma baada ya kuzamia?

Mzamiaji anayetoka majini kichwa kikimpwita hakosi wa kumwambia ajaribu naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni. Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, ila haufai. Kama maumivu yanatokana na hewa ukaa (CO2), kuhama kutoka hewa ya kawaida kwenda naitroksi hakupunguzi kitu. Heliamu inapunguza kweli, lakini faida yake huanza kuonekana karibu na mita 30 kwenda chini, na inadai mafunzo, mitungi na fedha za ziada. Anayezamia kati ya mita 12 na 25 atapata nafuu kwenye upumuaji wake, regulata yake (kifaa kinachomletea mdomoni gesi ya mtungi) na kasi ya mapezi yake, wala si kwenye gesi.

Kabla ya kulinganisha gesi, inafaa kuelewa hewa ukaa inabaki vipi mwilini.

Inavyojilimbikiza

Mwili uliotulia hutengeneza kama mililita 200 hadi 250 za hewa ukaa kwa dakika. Mwili unaopambana na mkondo hutengeneza lita moja na zaidi. Kiasi hicho hakitegemei kina wala gesi iliyomo mtungini. Kinategemea misuli inafanya kazi kiasi gani. Kuitoa ni kazi ya mapafu. Presha yake katika damu ya ateri inatakiwa ibaki karibu na milimita 40 za zebaki, uwe juu ya boti au chini mita 40. Ikipanda, mishipa ya damu ya ubongo hutanuka na kichwa huanza kupwita, mara nyingi kuelekea mwisho wa mzamo au dakika chache baada ya kutoka majini. Dawa za kawaida za maumivu hazisaidii sana. Huisha yenyewe kwa muda.

Mapafu hushindwa kuitoa kwa sababu mbili kubwa: mtu anapumua vibaya, au gesi ni nzito mno kuisukuma. Tuanze na ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayowapata wengi.

Katika kila pumzi, kama mililita 150 huishia kooni na kwenye mabomba ya mapafu bila kufika mahali damu inapobadilishana gesi. Chukua lita 6 kwa dakika. Ukizivuta kwa pumzi 12 za mililita 500, kila pumzi inafikisha mililita 350 zenye kazi, jumla lita 4.2. Ukizivuta kwa pumzi 24 fupi za mililita 250, kila moja inafikisha mililita 100 tu, jumla lita 2.4. Gesi iliyotoka mtungini ni ileile, usafishaji umepungua karibu nusu. Regulata nayo inaongeza nafasi yake mdomoni, ambamo pumzi iliyotumika inabaki na kuvutwa tena. Ndiyo maana mtu anayehema haraka haraka anahisi gesi haitoshi ilhali mtungi umejaa.

Kosa la upande wa pili ni kubania pumzi ili mtungi udumu: kuvuta, kushikilia sekunde kadhaa, kuachia, kusubiri tena. Geji ya presha ya mtungi inaonekana vizuri, hewa ukaa inapanda. Kwenye mizamo ya kina kidogo, tabia hii ndiyo ya kwanza kushukiwa. Pia ni hatari kwa mapafu: anayeshikilia pumzi huku akipanda hata mita chache anaweza kuyapasua.

Uzito wa gesi, na kwa nini ni muhimu kuliko jina lake

Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban bar 1 juu ya bar 1 ya hewa iliyopo juu ya maji. Mita 30 ni bar 4, kwa hiyo gesi unayovuta ina uzito mara nne ya ile ya juu. Gesi nzito hupita kwa shida kwenye mabomba membamba ya mapafu: inazunguka na kujigonga badala ya kutiririka. Kwenye mita 30 ukiwa na hewa ya kawaida, kiwango cha juu kabisa unachoweza kupumua kwa dakika hushuka hadi kama nusu ya kile cha nchi kavu. Na kujikaza hakusaidii, kwa sababu ukitoa pumzi kwa nguvu mno, mabomba yenyewe hubanwa na kifua na njia kuzidi kuwa nyembamba. Mwili mara nyingi hukata tamaa kimyakimya: badala ya kufanya kazi hiyo ngumu, unaiacha hewa ukaa ipande. Wapo ambao miili yao huiachia ipande kuliko wengine bila wao kuhisi dalili yoyote.

Mwaka 2016 Gavin Anthony na Simon Mitchell walichapisha uchambuzi wa majaribio ya wazamiaji waliokuwa wakifanya mazoezi chini ya maji. Walipendekeza gesi isizidi gramu 5.2 kwa lita kwa kawaida, na isivuke gramu 6.2 kwa vyovyote, kwa kuwa juu ya hapo walioshindwa kutoa hewa ukaa waliongezeka sana. Namba hizo mbili ndizo kipimo bora cha kulinganishia gesi kwa tatizo hili.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa bar 1, lita ya oksijeni ina gramu 1.43, naitrojeni 1.25, heliamu 0.18. Zidisha kila moja kwa sehemu yake kwenye mchanganyiko, jumlisha, kisha zidisha kwa bar za kina chako. Katika jedwali hili, kina cha mwisho kimepigwa kwa presha ya oksijeni ya bar 1.4, kikomo cha kuepuka sumu ya oksijeni. Namba ya naitroksi ni asilimia ya oksijeni. Kwa traimiksi (mchanganyiko wa oksijeni, heliamu na naitrojeni), namba ya kwanza ni asilimia ya oksijeni na ya pili ni ya heliamu.

| Gesi | Kina cha mwisho kwa oksijeni | Uzito mita 30 (g/L) | Uzito mita 40 (g/L) |
|---|---|---|---|
| Hewa ya kawaida | mita 56 | 5.2 | 6.4 |
| Naitroksi 32 | mita 33 | 5.2 | haifai |
| Naitroksi 36 | mita 28 | haifai | haifai |
| Naitroksi 28 | mita 40 | 5.2 | 6.5 |
| Traimiksi 30/30 | mita 36 | 3.9 | haifai |
| Traimiksi 25/25 | mita 46 | 4.1 | 5.1 |
| Traimiksi 21/35 | mita 56 | 3.7 | 4.6 |
| Traimiksi 18/45 | mita 67 | 3.2 | 4.0 |

Tazama mistari minne ya juu. Oksijeni ni nzito kidogo kuliko naitrojeni, kwa hiyo naitroksi ni nzito kuliko hewa, ingawa tofauti ni ndogo kiasi cha kutohisiwa. Hakuna njia naitroksi inaweza kurahisisha upumuaji. Tazama pia mstari wa hewa: kwa upande wa oksijeni ingeruhusu mita 56, lakini uzito unagonga 5.2 karibu na mita 30 na 6.2 karibu na mita 38. Kikomo cha kweli cha hewa kwa mtu anayepiga mapezi kipo kwenye kina kidogo sana kuliko kile cha oksijeni.

Hewa ya kawaida

Hadi mita 18 au 20 kwa mzamo mmoja au miwili kwa siku, hewa haina mpinzani. Inajazwa popote penye kompresa, haihitaji kupimwa oksijeni, na mtungi hauhitaji usafi maalumu. Kwa kichwa, iko sawa na naitroksi.

Udhaifu wake ni naitrojeni: muda mfupi chini kwa kuwa inajaa mwilini, na ulevi wa naitrojeni unaoanza kuonekana karibu na mita 30. Hewa ukaa huuzidisha ulevi huo, kwa kuwa nayo inalevya. Mtu aliyeko mita 38 kwa hewa, anayepambana na mkondo, ana gesi nzito, kichwa kizito na uamuzi mbovu kwa wakati mmoja. Wapo wanaozamia hivyo kila wiki na kurudi salama, na hiyo ndiyo inayowafanya wasihesabu.

Naitroksi

Inachotoa naitroksi ni muda. Chukua asilimia 32 kwenye mita 30: (30 + 10) × 0.68 ÷ 0.79 − 10 = 24.4. Kwa upande wa naitrojeni mwili unahesabu kama uko mita 24 na ushee, kwa hiyo unasoma jedwali la muda wa kuzamia kwa hewa kwenye mstari wa mita 25, au mstari wa kina unaofuata kama 25 haupo. Kwa anayezamia mara tatu au nne kwa siku, siku kadhaa mfululizo, hiyo ni faida kubwa.

Vipi basi wengi huapa kwamba kichwa kiliacha kuuma walipohamia naitroksi? Maelezo rahisi ni kina. Aliyezoea kushuka hadi mita 36 kwa hewa, akipewa naitroksi 32, analazimika kukomea mita 33. Akipewa 36, mita 28. Gesi imekuwa nyepesi kwa sababu yuko juu zaidi. Kozi yenyewe nayo humfundisha kupanga na kutulia. Kuhusu uchovu, ambao nao husemwa unaisha kwa naitroksi, jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2003 liliwaweka wazamiaji kwenye chemba kavu kwa presha ya mita 18, wakapumua hewa au naitroksi 36 bila kujua ipi ni ipi. Uchovu haukutofautiana.

Halafu kuna upande ambao matangazo hayautaji. Oksijeni nyingi hupunguza hamu ya mwili ya kupumua, na damu iliyoshiba oksijeni hubeba hewa ukaa kwa uwezo mdogo kidogo. Athari zote mbili ni ndogo, lakini zinaelekea upande usiotakiwa. Kubwa zaidi ni hili: hewa ukaa ikipanda, mishipa ya ubongo hutanuka na kupeleka oksijeni nyingi zaidi kwenye ubongo, na hatari ya mitukutiko (degedege) ya sumu ya oksijeni inaongezeka. Mitukutiko chini ya maji huua kwa kuzamisha. Kwa hiyo anayeumwa kichwa mara kwa mara, au anayejua kuna kazi nzito chini, asikaribie bar 1.4. Apange kwa 1.2: naitroksi 32 iishie mita 27, naitroksi 36 iishie mita 23.

Na kuna mtego wa lita. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200, ukitenga bar 50 za akiba, una lita 1,800 za kutumia. Anayetumia lita 18 kwa dakika juu ya maji atatumia 72 kwa dakika kwenye mita 30, yaani dakika 25 kabla hata ya kuhesabu kushuka na kupanda. Naitroksi haiongezi lita. Kompyuta ya kuzamia inamwonyesha dakika nyingi zilizobaki, geji inakataa, na kishawishi kinakuwa kubania pumzi ili zile dakika zisipotee. Hapo naitroksi inaleta kichwa badala ya kukiondoa. Anayetaka dakika hizo achukue mtungi wa lita 15 au mitungi miwili.

Upimaji haurukwi hata kama kituo kimeandika asilimia kwenye mtungi. Washa kipima oksijeni, kiweke kwenye hewa hadi kisome 20.9, pitisha gesi taratibu kwa kasi isiyobadilika (lita 1 hadi 2 kwa dakika kwa vipima vingi), subiri namba itulie. Ikitofautiana na iliyoagizwa kwa zaidi ya asilimia 1, kubali namba iliyopimwa na upange upya kina, au rudisha mtungi. Andika kwenye tepu asilimia, kina cha mwisho, tarehe na jina lako, kisha weka asilimia hiyohiyo kwenye kompyuta. Kosa linalojirudia ni kompyuta kubaki kwenye mpangilio wa jana. Kipima oksijeni hakionyeshi hewa ukaa wala kaboni monoksaidi, hilo tutalirudia.

Heliamu

Hapa ndipo gesi inabadilisha hali ya mapafu. Traimiksi 21/35 kwenye mita 40 ina uzito ambao hewa inaufikia karibu na mita 25. Inagonga 5.2 kwenye mita 47 na 6.2 karibu na mita 58. Ulevi nao unapungua: kwenye mita 45, ukihesabu oksijeni na naitrojeni zote kuwa zinalevya, unajisikia kama uko mita 26 kwa hewa. Aliyekuwa akitoka mita 40 na kichwa kinachogonga, akihamia mchanganyiko huu bila kubadili kingine, ana sababu ya kisayansi ya kutarajia nafuu.

Gharama yake si bei ya kujaza peke yake. Ratiba ya kupanda inapaswa kupigwa kwa mchanganyiko halisi, kwa kompyuta inayotambua heliamu. Mtungi unapimwa oksijeni na heliamu, kwa kuwa kipima oksijeni peke yake hakiwezi kukuambia kama ile sehemu iliyobaki ni naitrojeni au heliamu. Heliamu hupitisha joto upesi, kwa hiyo isitumike kujaza suti kavu; tumia mtungi mdogo wa hewa au agoni. Mchanganyiko wenye oksijeni chini ya asilimia 18 haupumuliwi juu ya maji. Na yote hayo yanahitaji mafunzo yake.

30/30 na 25/25 zinastahili kufikiriwa zaidi ya zinavyofikiriwa. Kwa mzamo wa mita 30 hadi 40, heliamu ya robo tu inashusha uzito chini ya 5.2. Linganisha na naitroksi 28, ambayo kwa karatasi inafaa mita 40 kamili: oksijeni iko sawa, uzito ni 6.5. Gesi inayopita mtihani mmoja na kuanguka mwingine isihesabiwe imefaulu.

Ribritha: chaguo lenye kanuni zake

Mashine inayorudisha pumzi haikuachii kutoa hewa ukaa kwenda majini. Inaipitisha kwenye mkebe wa sodalaimu unaoifyonza, halafu inaongeza oksijeni. Sodalaimu ikishindwa, unavuta hewa ukaa yako mwenyewe, na unaweza kuishiwa akili kabla ya kuelewa. Hushindwa kwa njia zinazojulikana: imetumika kupita saa zake, imepangwa kwa ulegevu hadi gesi ikapata njia ya mkato kando ya ukuta wa mkebe, imelowa, oringi (pete ya mpira) ya mkebe imesahaulika, au vali za mpira kwenye kipande cha mdomo zimekunjika na pumzi inarudi ilikotoka. Maji baridi na kazi nzito hufupisha saa zake.

Jaza mkebe kwa mafungu huku ukiugonga pembeni hadi chembe zisishuke tena. Andika saa juu yake. Sodalaimu iliyomwagwa isirudishwe, kwa sababu chembe zilizochoka zinachanganyika na mpya na hujui zimelala wapi. Vali zijaribiwe kwa kuvuta na kupuliza kila upande kabla ya kufunga. Kupumua kwenye mashine dakika tano kabla ya kuzama ni desturi nzuri ya kukagua oksijeni, lakini haigundui kwa uhakika sodalaimu mbovu.

Dalili ikianza, hama kwenye mtungi wa akiba na ubaki huko hadi juu. Anayehema kwa hewa ukaa hupata shida hata ya kutoa kipande cha mdomo kwa sekunde mbili, na ndiyo sababu ya vali inayogeuza mdomo mmoja kutoka mashine kwenda mtungi. Pumzi za kwanza kwenye mtungi hazileti nafuu ya papo hapo, na wengine huona kama mtungi ndio mbaya wakarudi kwenye mashine. Kifo cha mzamiaji David Shaw, Januari 2005, ndani ya shimo la maji la Boesmansgat huko Afrika Kusini, kwenye kina cha zaidi ya mita 260, kilichunguzwa kitabibu na kuelezwa kuwa mapafu yalishindwa kutoa hewa ukaa: gesi nzito kupita kiasi pamoja na kazi ya mikono. Alikuwa na heliamu nyingi. Kwa kina kile haikutosha.

Je, ni hewa ukaa kweli?

Kabla ya kugharamia gesi nyingine, tenganisha maumivu. Ya hewa ukaa hupwita kichwa kizima, na huja baada ya kazi, mkondo, woga au kubania pumzi. Yanayochoma juu ya nyusi au mashavuni wakati wa kushuka au kupanda ni ya uwazi wa sinasi usiosawazisha presha. Mara nyingi damu kidogo huonekana kwenye barakoa. Yanayoanzia shingoni na kupanda kisogoni ni ya kuinua kichwa muda mrefu huku mwili umelala, hasa mkanda wa uzito ukivuta kiuno chini. Ya taya na panja ni ya kung'ata kipande cha mdomo. Yanayozunguka kichwa kama kamba ni mkanda wa barakoa: ulegeze, presha ya maji itaishikilia. Upungufu wa maji mwilini na kipandauso navyo vipo.

Mawili hayangoji. La kwanza ni kaboni monoksaidi, inayoingia mtungini bomba la kompresa likivuta moshi wa injini au mafuta ya kompresa yakiungua kwa joto. Sehemu 10 kwa milioni zikipumuliwa mita 40 zina nguvu ya sehemu 50 juu ya maji. Kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu vinaweza kuzidi wakati wa kupanda, kwa sababu oksijeni iliyokuwa ikifidia inapungua. Watu wawili waliojaza kituo kimoja wakiumwa pamoja, shuku mtungi kwanza. Mpe mgonjwa oksijeni safi, mpeleke hospitali, funga mtungi na uuhifadhi upimwe. La pili ni ugonjwa wa dekompresheni (viputo vya gesi mwilini presha inaposhuka) au kiputo kwenye ateri: kichwa pamoja na ganzi, udhaifu wa upande mmoja, kuona vibaya, kuyumba au kuchanganyikiwa. Oksijeni ya asilimia 100 mara moja, na simu kwa madaktari wa wazamiaji. Nafuu baada ya oksijeni haimaanishi ameshapona.

Hewa ukaa iliyomo mtungini, kinyume na inavyodhaniwa, mara chache ndiyo mkosaji. Kiwango cha Ulaya cha EN 12021 kinaruhusu hadi sehemu 500 kwa milioni; kwenye mita 30 ni sawa na asilimia 0.2 juu ya maji, kiasi ambacho mapafu hukimudu. Mtungi wenye asilimia 1 ungefika sawa na 4 kwenye kina hicho, na huo ungekuwa kosa kubwa la kituo.

Kabla ya gesi, regulata na pumzi

Kiwango kingine cha Ulaya, EN 250, huipima regulata kwenye mita 50, kwa lita 62.5 kwa dakika, na kazi ya kupumua haitakiwi kuzidi joule 3 kwa kila lita. Regulata iliyokaa miaka bila huduma, yenye chumvi au kichujio kilichoziba, haiko tena kwenye namba hiyo. Fungua vali ya mtungi yote. Iliyofunguliwa nusu hupumulika vizuri mita 5 na kunyima mita 30. Vuta pumzi mbili za nguvu huku ukitazama geji: sindano ikishuka na kurudi, vali haijafunguka au kichujio kimeziba. Kama sehemu ya mdomoni ina kitasa cha kurekebisha, wengi hukikaza juu ya boti ili gesi isimwagike, wakasahau kukilegeza chini. Regulata isiyosawazishwa huwa ngumu mtungi unapokaribia kuisha, hasa kwenye kina.

Suti inayobana kifua na jaketi la kuelea lililokazwa tumboni huzuia pumzi ndefu. Jipime ukiwa umevaa vyote na jaketi limejaa: kama huwezi kuvuta pumzi kamili nchi kavu, chini haitawezekana.

Pumzi yenyewe: vuta polepole sekunde nne au tano, toa kwa sekunde sita au saba hadi tumbo liingie ndani, anza nyingine bila kufunga koo. Kutoa ndiko kunakosafisha, kwa hiyo urefu uwe upande huo. Ukianza kuhema, acha mapezi. Shika mwamba au kamba, mpe mwenzako ishara, toa pumzi tatu au nne hadi mwisho. Kama haitulii ndani ya dakika moja, pandeni taratibu. Kupanda kutoka mita 30 hadi 20 kunapunguza uzito wa gesi kwa robo. Usisubiri geji ikuambie.

Kuchagua kwa aina ya mzamo

Mita 12 hadi 20, mzamo mmoja au miwili: hewa. Mizamo mingi ya mita 18 hadi 30 siku kadhaa mfululizo: naitroksi 32, kwa ajili ya naitrojeni, na mtungi mkubwa. Muda mrefu kwenye mita 20 hadi 25: naitroksi 36, kama mahali hapo hapana shimo la kukuvuta chini ya mita 28. Mita 30 hadi 40: traimiksi 30/30 (isizidi mita 36) au 25/25 kwa aliyefunzwa. Asiyefunzwa akomee mita 30, na palipo na mkondo akomee juu zaidi. Kutoka mita 40 kwenda chini, 21/35, kisha 18/45 kuanzia mita 47 au 50. Hewa huko si chaguo, hata pale sheria inapoiruhusu.

Anayeumwa kichwa kwenye mita 15 abaki na gesi yake na abadilishe kitu kimoja kwa kila mzamo, ili ajue kipi kilisaidia: kwanza pumzi na kasi ya mapezi, halafu mkanda wa barakoa na mkao wa shingo, halafu regulata ya kuazima iliyotoka kwenye huduma. Baada ya kila mzamo aandike kina, gesi, bar zilizotumika, kama kulikuwa na mkondo, na kichwa kilianza dakika ya ngapi. Kama mizamo sita iliyoandikwa hivyo haionyeshi mpangilio, aipeleke karatasi hiyo kwa daktari anayeijua kazi ya kuzamia.